Pacha mmoja muongeaji, mwenzake mkimya: nimpeleke bweni achangamke?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mwanza. Wawili wa kwanza ni mapacha wa kike, Kulwa na Doto, wamefikisha miaka 10 mwezi wa nane. Wa tatu ni Shija, ana miaka 6. Mapacha wangu si wa kufanana. Kulwa ni mrefu, mweusi kama baba yake. Doto ni mfupi, maji ya kunde kama mimi. Lakini sura haijawahi kunisumbua. Kinachonisumbua ni kwamba mmoja anaongea kwa niaba ya wote wawili.

Kulwa akishuka kwenye daladala konda ameshajua jina lake. Mtu akibisha hodi yeye ndiye wa kwanza mlangoni, anapokea mzigo, anauliza habari za huko mlikotoka, anaweka maji ya kunywa mezani kabla sijamtuma. Doto akisikia hodi anapotelea chumbani. Nikimwita aje asalimie anakuja, anatoa shikamoo ambayo mgeni anaisikia nusu, anarudi alikotoka. Wageni wanaanza: "Huyu vipi, anaumwa?" Wengine wanasema anaringa. Mtoto wa miaka 10, anaringia nini?

Kwenye kikao cha wazazi mwezi wa tisa mwalimu aliniambia mbele ya wenzangu, "Mama, huyu anajua, daftari zake safi, ila hanyooshi mkono. Mfundishe kujiamini kama dada yake." Doto alikuwa wa 4 katika darasa la watoto zaidi ya 70. Kulwa alikuwa wa thelathini na kitu. Hilo hakuna aliyeligusa.

Kilichonifanya nikuandikie ni sherehe ya kipaimara ya mtoto wa wifi yangu, mwezi wa kumi. Hema, wapishi, spika mbili kubwa kama kabati la nguo. Saa kumi jioni Doto haonekani. Nilizunguka nyumba nzima, nikamkuta stoo. Amekaa juu ya gunia la mahindi, kitenge changu amejifunga kichwani mpaka kimefunika masikio, na sakafuni amepanga vizibo vya soda mistari mitatu. Sikumshtua, nilisimama mlangoni. Alikuwa anafundisha. Vizibo vya Fanta ndio wanafunzi, kizibo cha bia ndio mwalimu mkuu. Anabadilisha sauti, anacheka, anagomba, anauliza swali na kujibu. Mstari wa nyuma kulikuwa na kizibo kimoja cha Pepsi, kimekaa peke yake. Akakiambia, "Wewe usinyooshe mkono sasa hivi. Fikiria kwanza, nitakuuliza mwisho."

Shangazi, mtoto huyu anaongea. Anaongea vizuri kuliko mimi. Ila watu wakijaa, hamna.

Wifi alinikuta pale na yeye akamwona. Usiku huohuo ukoo mzima ukawa unajua kwamba Doto anaongea na vizibo. Wifi anasema aombewe. Mume wangu anasema aliyemharibu ni mama yangu, kwa sababu Doto alikaa kwake Magu tangu alipoachishwa ziwa mpaka alipofika miaka 3, nyumba ya bibi na babu na mbuzi wao. Mume wangu ananunua dagaa na sangara mwaloni, ni mtu wa watu, kila kona ana rafiki. Ameamua kwamba Januari Doto aende shule ya bweni, peke yake, Kulwa abaki. Anasema akilala na wenzake 60 kwenye chumba kimoja atachangamka tu. Amesubiri wamalize mtihani wa darasa la nne, sasa fomu iko juu ya kabati na hela ya muhula wa kwanza ameshaitenga.

Mimi nimekuwa namkinga mwanangu. Sherehe ikichachamaa naondoka naye. Mgeni akimuuliza kitu najibu mimi. Sasa lawama zote zimenirudia.

Kuna jambo moja silielewi kabisa. Walipokuwa wachanga mwenye kelele alikuwa Doto. Mfuniko wa sufuria ukianguka jikoni anaruka mwili mzima, anakunja mgongo, analia mpaka pumzi inamkatika. Kulwa anageuza macho tu, anaendelea kunyonya. Majirani walikuwa wananiambia huyu Doto ndiye mwanasiasa. Imekuwaje mwenye kelele ndiye akanyamaza?

Na nisikufiche. Mimi ni mweka hazina wa kikoba chetu, siku ya kikao ni lazima niongee, na naongea. Lakini nikirudi nyumbani naingia chumbani kabla giza halijaingia, nalala nimetazama ukuta. Nikiulizwa nasema kichwa kinaniuma.

Je, Doto ana tatizo? Nimemharibu? Nimwache aende?

Mama Kulwa, Mwanza

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba, mwanangu. Umesaini Mama Kulwa kwa kuwa ndivyo watu wanavyokuita, lakini barua yako yote ni ya Doto, kwa hiyo nitakaa naye zaidi.

Nianze na jibu, usije ukasoma hadi mwisho roho ikiwa juu: hiyo fomu isijazwe. Sina ugomvi na bweni. Wapo watoto waliokwenda wakarudi na marafiki wa maisha. Serikali yenyewe mwaka 2023 ilisitisha bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne wasio na kibali maalumu, na mumeo amesubiri darasa la tano, hapo hajavunja kitu. Ninachokataa ni sababu. Bweni anapewa kama dawa, na mtoto uliyeniandikia haumwi. Hivyo ndivyo alivyozaliwa, na ushahidi umeuandika mwenyewe.

Ni ule mfuniko wa sufuria.

Mwaka 1989, katika Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, mwanasaikolojia Jerome Kagan na wenzake walianza kuwapima watoto wachanga wa miezi 4, wapatao 500. Mtoto anakalishwa kwenye kiti chake, anatundikiwa vidude vya rangi vinavyochezacheza mbele ya macho, anasikilizishwa sauti za watu asiowaona, anasogezewa puani pamba yenye harufu ya spiriti. Basi, hakuna zaidi. Kama 40 kwa 100 walitazama tu, wametulia kama mzee aliyekaa barazani anaangalia wapita njia. Kama 20 kwa 100 walitupa mikono na miguu, wakakunja mgongo, wakalia. Umeshawahi kumwona mtoto wa namna hiyo, ulimnyonyesha.

Mtu yeyote angesema hawa wenye vurugu ndio watakaokuja kuwa wasemaji. Kagan alitabiri kinyume chake. Akawafuata mwaka hadi mwaka, wanatambaa, wanaanza shule, wanabalehe. Waliolia ndio walioelekea kuwa watoto wa kujificha nyuma ya kanga ya mama, wa kutazama mchezo kwanza kabla ya kuingia. Waliotulia wakaelekea kuwa wale wa kukimbilia mlangoni.

Sababu yake nikiieleza utaona jinsi inavyomkaa Doto. Mtoto aliyelia alikuwa amesikia zaidi ya mwenzake. Kwa Kulwa ulianguka mfuniko; kwa Doto lilianguka paa. Wote walikuwa katika jiko moja, siku moja, wa mama mmoja, ila mishipa ya fahamu ya mmoja ilipokea kishindo kikubwa kuliko ya mwingine. Akiwa mchanga alikuwa na njia moja tu ya kusema "yatosha", nayo ni kulia. Sasa ana miaka 10 na amepata njia nyingine: stoo, gunia la mahindi na kitenge cha mama. Ni Doto yuleyule. Kwa hiyo hakuna mwenye kelele aliyenyamaza; kuna aliyejifunza kujiondoa kwenye kelele.

Ndani ya ubongo, kila upande, kuna kipande kidogo kinachoitwa amigdala. Jina ni la Kigiriki, maana yake lozi, kwa jinsi kilivyo. Kazi yake mojawapo ni kutupigia kengele mbele ya kitu kigeni: sura mpya, kishindo, kivuli. Mwaka 2003 Carl Schwartz, akiwa na Kagan na wengine, walichapisha vipimo vya watu wazima 22 ambao tabia zao zilikuwa zimeandikwa tangu wakiwa katika mwaka wa pili wa maisha. Waliingizwa kwenye MRI, mashine inayopiga picha za ubongo, wakaonyeshwa sura za watu, nyingine walizokwisha kuzizoea, nyingine ngeni. Wale waliokuwa watoto wa kujificha, amigdala zao ziliitikia sura ngeni kwa nguvu kuliko za wenzao. Kama miaka 20 ilikuwa imepita. Kengele ilikuwa bado ipo.

Kwa hiyo unapomwita Doto sebuleni aje asalimie, wewe unaona shikamoo tu, kitu cha sekunde mbili. Yeye anapita katikati ya kengele inayolia ili aifikishe hiyo shikamoo. Anaifikisha kila siku. Mimi hiyo nusu anayoisikia mgeni ninaihesabu kuwa nzima.

Sasa nitenganishe mambo mawili ambayo lugha yetu inayachanganya. Kuna kuogopa watu, na kuna kuchoshwa na watu. Tunasema "mkimya", "mpole", "ana aibu", "mzito", na akichukiwa "anaringa", yote kwa mtu mmoja, wakati hayafanani. Alichofuatilia Kagan ni tahadhari mbele ya kitu kigeni. Wale wanaoitwa introvati, jina lililoenea tangu daktari wa Uswisi Carl Jung alipoandika juu yao mwaka 1921, wanaweza wasiwe na woga hata chembe. Wanapenda tu vitu vichache kwa wakati mmoja, na watu wengi wakikaa nao muda mrefu wanawamaliza nguvu. Wenzao wachangamfu ni ekstrovati. Na sisi wengi tuko katikati, leo hivi kesho vile. Doto naona ana vyote viwili, tahadhari kidogo na utulivu mwingi. Wewe, kwa hiyo habari ya ukuta, naona una cha pili tu. Nitakurudia.

Aliyejitahidi sana kuutafutia ukimya mzizi mwilini ni Hans Eysenck, mwanasaikolojia Mjerumani aliyehamia Uingereza akiwa kijana. Mwaka 1967 alifafanua kwamba ubongo wa introvati huamshwa kwa urahisi zaidi, kwa hiyo kidogo kinamtosha, ilhali ekstrovati anahitaji kelele na watu ndipo ajisikie yuko macho sawasawa. Alipima hata kwa limau: matone 4 ya maji ya limau ulimini kwa sekunde 20, halafu unapima mate yameongezeka kiasi gani. Wakimya walitoa mate mengi zaidi. Nakipenda kipimo hiki kwa sababu ulimi haujui kuringa wala haukulelewa Magu. (Usimpime nacho Doto ukampa cheo, kinafaa kulinganisha kundi na kundi, kwa mtu mmoja kinaweza kudanganya.) Vipimo vya baadaye vimerekebisha maneno ya Eysenck: si kwamba ubongo wa mkimya unachemka muda wote. Wakiwa wametulia wote wanaweza kulingana. Tofauti hutokea kitu kinapoingia, sauti au taa au mtu.

Na Kulwa naye ana mwili wake. Kuna kemikali ya ubongo iitwayo dopamini, inayohusika na hamu ya kuliendea jambo lenye faida. Watafiti wengi wanaamini kwamba kwa wachangamfu mfumo huo huitikia kwa nguvu zaidi, kiasi kwamba sura mpya mlangoni inamvuta Kulwa kama harufu ya maandazi. Siku akikosa watu ananyong'onyea, sivyo? Huyo naye usimwambie "tulia kama mwenzio". Na usije ukamsimanga kwa ile nafasi ya thelathini na kitu. Ukimya na uchangamfu havihusiani na akili, kila upande una wa kwanza na wa mwisho.

Hapa ndipo pa kumwonyesha Baba Kulwa kuhusu wale watoto 60. Mwaka 1984 mtafiti Mmarekani Russell Geen aliwapa wanafunzi kazi ya kujifunza huku wakisikia kelele, akawaacha wachague wenyewe sauti iwe juu kiasi gani. Wachangamfu walichagua ya juu, wakimya ya chini. Kila mmoja akiwa kwenye sauti yake, walifanya kazi vizuri sawasawa. Alipowapa wakimya sauti ya wachangamfu, wakaboronga. Na wachangamfu waliopewa sauti ya chini wakaboronga vilevile. Bweni la vitanda vya juu na chini, kengele ya alfajiri, foleni ya bafu, chakula cha pamoja, masomo ya usiku ya pamoja, kulala pamoja: hapo sauti ya redio imewekwa juu na hakuna wa kuishusha. Na stoo hakuna. Kulwa angepaona peponi. Doto angeanza kushuka kutoka ile nafasi ya 4, na watu wangesema sasa hata darasani ni mzito.

Sasa habari ya bibi wa Magu, nayo nina hamu nayo kwa sababu naona bibi mzima amebebeshwa kosa lisilo lake. Mapacha wa kufanana wanatokana na yai moja, urithi wao ni mmoja. Kulwa na Doto walitokana na mayai mawili, kwa hiyo kwa urithi ni sawa na ndugu wowote wa baba na mama. Walichofanya ni kupanda gari moja tu. Watafiti wamelinganisha mapacha wa aina hizi mbili kwa miaka mingi katika nchi nyingi, na jibu linarudi palepale: wa kufanana wanakaribiana tabia hii kuliko wasiofanana, na kiasi cha nusu ya tofauti kati ya mtu na mtu katika uchangamfu inatokana na urithi. Hakuna jeni moja la ukimya, yaani kipande kimoja cha urithi kinacholeta ukimya. Ni mengi sana, kila moja linaongeza chembe. Nusu nyingine ni maisha, na hapo nilishangaa mwenyewe niliposoma mara ya kwanza, kwa sababu kile ambacho watoto wa nyumba moja wanakipata kwa pamoja kinaonekana kuchangia kidogo kuliko tunavyodhani sisi wazazi. Na ule mshtuko wa mfuniko ulitokea kabla mbuzi wa Magu hawajamwona Doto. Mwambie hivyo mumeo, kwa upole, na umpigie bibi simu.

Tena yeye ni mtu wa samaki, mpe na hili. Mwaka 1993 watafiti Wamarekani, David Sloan Wilson na wenzake, walitumbukiza mitego kama madema kwenye bwawa la samaki wadogo. Samaki wengine waliingia wenyewe kwenda kuchungulia hicho kitu kigeni. Waliobaki wakavuliwa kwa wavu wa kukokota. Walipopelekwa maabara na kuwekwa kwenye matangi, wale wa mtegoni walianza kula mapema, wale wa wavu walichukua siku nyingi kuzoea. Bwawa moja, samaki wa aina moja, na tabia zote mbili zimo. Anayewahi kuchungulia anapata chakula kwanza, na ndiye huyohuyo anayeingia kwenye mtego. Anayesubiri anachelewa kula na anapona. Baba Kulwa amesimama mwaloni miaka yote, anajua kama ziwa lingekuwa na samaki wa kwanza peke yao lingebaki na nini.

Wifi anataka mtoto aombewe. Aombewe, kama wote watatu wanavyoombewa, nyumbani, kwa majina yao. Kuitwa mbele ya watu awekewe mikono kama mwenye pepo, hapana. Kengele niliyokueleza italia kwa nguvu zote, na atajifunza kwamba kuna kitu kiovu ndani yake. Simamia hapo hata wifi akinuna. Mtoto anayegeuza vizibo kuwa shule, kila kimoja na sauti yake, anacheza kama watoto wanavyocheza. Angekuwa amefanya hivyo uwanjani mbele ya wenzake wangemwita mchekeshaji.

Nimekusifu vya kutosha, sasa nikuseme kidogo. Kumjibia wageni uache. Katika watoto wale wa Kagan, wazazi waliokimbilia kuokoa kwa kila kilio kidogo ndio ambao watoto wao walizidi kubaki na woga. Waliosaidika ni wale ambao wazazi waliwasogeza mbele pole pole, wakawawekea mipaka, wakawaacha wapambane na kigumu kidogo huku mama yupo karibu. Wewe na mumeo mnavutana kamba: yeye anataka kumtupa ziwani, wewe hutaki miguu yake iguse maji. Mgeni akimuuliza Doto yuko darasa la ngapi, nyamaza. Hesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Kulwa akifungua mdomo mguse bega. Kimya hicho kitakuuma wewe kuliko yeye. Sherehe ijayo mpeleke mapema kabla spika hazijawashwa, amkute mtu mmoja mmoja. Mpe kazi ya mikono, kugawa sahani au kuhesabu soda, na mwambie tangu nyumbani ni saa ngapi mtaondoka na ni wapi anaweza kwenda kupumzika akichoka. Akirudi baada ya kupumzika, usimtangaze.

Na shuleni, nenda umwone mwalimu peke yake, siyo kikaoni. Usimlaumu, ana watoto 70. Mwombe jambo moja tu, lile ambalo Doto alikiambia kizibo cha Pepsi: amwambie mapema kwamba leo nitakuuliza, kisha amuulize mwisho. Mwanao ameshaandika dawa yake mwenyewe na wewe ulisimama mlangoni ukaisikia.

Yapo mambo ambayo ukiyaona, achana na barua zangu upeleke mtoto kwa wataalamu. Kama haongei kabisa shuleni, hata neno moja, mwezi unapita mwingine unaingia. Kama kila asubuhi tumbo linamuuma na Jumamosi limepona. Kama hana rafiki hata mmoja na anamtamani. Kama kelele za kawaida za nyumbani zinamuumiza, au mawasiliano yake yamekuwa tofauti na ya wenzake tangu mdogo, muulize daktari wa watoto juu ya masikio na juu ya usonji pia. Na kubwa kuliko yote: mtoto aliyekuwa anacheka akanyamaza ghafla. Huyo hakuzaliwa hivyo, huyo kuna kilichompata au mtu aliyemfanyia kitu, na hapo haukai kusubiri. Huduma ya Simu kwa Mtoto, namba 116, ni bure. Doto wako amekuwa Doto tangu siku za kwanza, ndiyo sababu sina hofu hiyo kwake.

Nilisema nitakurudia. Brian Little, profesa wa saikolojia kutoka Kanada ambaye amefundisha pia Harvard, anasifika kwa mihadhara ya kuchekesha na yeye mwenyewe ni introvati. Amesimulia kwamba baada ya kuzungumza alikuwa akienda kujificha chooni ili apumzike mbali na watu. Anachofundisha ni kwamba mkimya anaweza kusimama na kuongea kama mchangamfu kwa ajili ya jambo analolipenda, mradi apate pa kujirudisha baadaye. Kikoba chako ni jambo hilo, na ukuta wako ndio choo chake. Hauumwi kichwa, Mama Kulwa. Acha kumwambia mumeo hivyo. Mwambie ukweli wakati hakuna ugomvi wa fomu katikati: kwamba unawapenda wale wanawake, unaipenda kazi, na ukitoka unahitaji nusu saa ya kimya. Ameishi na mtu mkimya zaidi ya miaka 10, amekuachia hela za watu uzitunze, na hajawahi kufikiri kukupeleka popote ukachangamshwe. Akishalielewa hilo kwako, la Doto litakuwa jepesi.

Limebaki moja. Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta Doto alisema nini kuhusu bweni, sijakuta. Mumeo kasema, wifi kasema, mwalimu kasema, wewe umesema. Muulize. Usimweke kwenye kochi mkatazamana. Kaeni jikoni mnachambua mchele, macho yakiwa kwenye ungo. Mwambie baba anafikiria shule ya bweni, na ungependa kujua yeye anaonaje. Akinyamaza, mwambie hakuna haraka, utamuuliza tena kesho kutwa. Kisha endeleeni na mchele.